Mabomba ya Nje ya Ukuta: Kuyafunga, Kuyavisha Sponji na Kuyaacha Yafikike

Bomba lililofukiwa ukutani likianza kuvuja, kinachofuata ni kuvunja marumaru. Ndiyo sababu nyumba nyingi, hasa zinazokarabatiwa, hupitisha mabomba nje ya ukuta: yanaonekana, yanafikika, na fundi anabadilisha kipande bila kubomoa kitu. Lakini bomba la nje lina maadui wake. Jua linalipiga, mtoto ananing'inia, mzee analishika akiinuka chooni, na lile la maji ya moto linamchoma anayeligusa. Kuna kazi tatu za kufanya, na zinakwenda pamoja: kulifunga lisicheze, kulivisha sponji (mrija wa mpira laini unaozuia joto) lisichome wala lisiharibiwe na jua, na kuweka koki mahali ambapo hata mtu wa kiti cha magurudumu anazifikia.

Kwenye nchi za baridi kali watu huvisha mabomba ili maji yasigande ndani. Kwetu, ukiondoa sehemu chache za nyanda za juu kama Kitulo, hiyo si hoja. Sponji yetu ni ya jua, ya hita, na ya magoti ya watu.

Jua kwanza una bomba gani

Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bomba lenyewe. PPR, yaani bomba la plastiki linaloungwa kwa moto, huandikwa kipenyo cha nje kwa milimita na daraja la shinikizo: 20, 25 au 32, kisha PN10, PN16 au PN20. Kwa maji ya moto tumia PN20. PN10 ni ya maji baridi tu. Ukiiunga kwenye hita itafanya kazi miezi ya mwanzo, kisha itaanza kulegea na kuvimba. Bomba la chuma, yaani GI, hutajwa kwa inchi, lakini kipenyo chake cha nje ni kingine: la nusu inchi lina milimita 21.3, la robo tatu 26.9, la inchi moja 33.7. Namba hizi utazihitaji ukienda kununua sponji.

Klipu

PPR ni laini, na likipata moto linalainika zaidi na kubonyea katikati ya klipu mbili. Kwa maji ya moto weka klipu kila sentimita 60 kwa bomba la 20, kila sentimita 70 kwa la 25, na kila 80 kwa la 32. Maji baridi yanayopita kivulini yanakuruhusu kufika sentimita 80 kwa la 20 na mita 1 kwa la 25. Bomba lililosimama wima unaweza kuliongezea nafasi kwa karibu robo. GI ya nusu inchi inajibeba yenyewe, mita 1.8 kwa mlalo na 2.4 kwa wima zinatosha.

Bomba la maji machafu ndilo linalosahaulika. PVC ya inchi 1¼ au 1½ inataka klipu kila nusu mita ikiwa imelala, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila nusu mita hiyo. Ikibonyea katikati, maji yanatuama pale, mafuta na nywele vinashika, na sinki linaanza kuziba kila mwezi huku watu wakilaumu trapu, kile kipande cha chini ya sinki kinachobaki na maji ili kuzuia harufu.

Toboa kwa biti ya zege ya milimita 6, tia fisha (plagi ya plastiki ya kushikia skrubu) namba 6, kaza kwa skrubu ya milimita 50. Skrubu fupi ndiyo chanzo cha klipu nyingi zinazong'oka: lipu peke yake ina unene wa sentimita 1.5 hadi 2, kwa hiyo skrubu ya milimita 25 imeshika lipu, haijagusa tofali. Ukikuta tofali linamumunyuka na fisha inazunguka ndani ya tundu, usilazimishe kwa njiti za kiberiti. Safisha vumbi, lowesha tundu, jaza saruji nzito, sukuma fisha, na urudi kesho kukaza. Pwani, achana na skrubu nyeusi na klipu za bati. Chumvi ya hewani inazila haraka. Nunua za plastiki na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Kama bomba litavishwa sponji, klipu ya kawaida italibana karibu mno na ukuta na sponji haitapita nyuma. Njia rahisi ni kuifunga klipu juu ya sponji yenyewe. Sponji ya tundu la milimita 22 na unene wa 9 inafikisha milimita 40 kwa nje, kwa hiyo klipu ya PVC ya 40 inaipokea sawasawa. Yenye unene wa 13 inafika 48, hapo unatumia klipu ya 50. Chini ya kila klipu zungushia kipande cha plastiki chenye upana wa sentimita 10, hata kilichokatwa kwenye dumu la mafuta ya kupikia, ili klipu isikate sponji kwa uzito wa bomba.

Bomba la moto lazima lipate pa kusogea

PPR ya kawaida hutanuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Piga hesabu: bomba la mita 10, maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65, linaongezeka milimita 60. Sentimita 6 nzima! Likiwa limebanwa ncha zote mbili, halina pa kwenda ila kupinda kama upinde, kung'oa klipu za katikati, au kusukuma ile adapta ya shaba kwenye shawa mpaka ianze kuvuja. Mvujo wa namna hiyo fundi huukaza, unanyamaza wiki mbili, unarudi, kwa sababu ugonjwa hauko pale.

Dawa yake ni hii. Kwenye mwendo mrefu, banisha kwa nguvu sehemu moja tu, katikati, kwa klipu ya chuma yenye mpira ndani. Klipu nyingine zote ziwe za plastiki za kubonyeza, zinazolishika bomba bila kulikaba, liteleze ndani yake. Linapofika kona, acha mkono wa pili wa kona hiyo huru kwa sentimita 60 hivi kabla ya klipu ya kwanza. Mkono huo ndio utakaopinda kidogo na kumeza mtanuko. Kama nyumba ina mwendo wa zaidi ya mita 10 bila kona, unda umbo la U katikati ya safari, au nunua PPR yenye nyuzi za kioo katikati. Hiyo hutanuka kiasi cha theluthi moja au robo ya ile ya kawaida, na bei yake ya juu inarudi kwa kutokuita fundi.

Hayo ni ya mwendo mrefu. Mwisho wa bomba, pale linapoingia kwenye shawa au sinki, mambo ni kinyume: pale pabanwe kabisa, maana mtu anashika koki na kuizungusha kila siku, na kila mzunguko usioshikiliwa na klipu unakwenda moja kwa moja kwenye kiungo.

Penye kupenya ukuta, pitisha bomba la 20 ndani ya kipande cha PVC cha 32 kilichojengewa ukutani, kisha ziba pengo kwa silikoni. Ukilijengea bomba moja kwa moja kwa saruji, kila likitanuka linajisugua kwenye zege. Ukiacha pengo wazi, unawafungulia mende na panya njia.

Jaribu kabla ya kuvisha

Usivishe kiungo ambacho hakijajaribiwa. Jaza maji, toa hewa kwenye koki ya juu kabisa, funga zote, acha usiku mzima. Asubuhi pitisha karatasi ya chooni iliyo kavu kwenye kila kiungo. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho na kidole havioni. Kwa mfumo unaosukumwa na pampu, tafuta fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia, apandishe shinikizo hadi mara moja na nusu ya lile la kawaida. Tangi lililo mita 3 juu ya shawa linatoa shinikizo la baa 0.3 tu, na viungo vibovu vingi huvumilia hapo. Siku utakapofunga pampu ndipo vitajitokeza.

Viungo vya PPR vilivyounguzwa vibaya hubainika kwa macho. Kiungo kizuri kina pete mbili nyembamba za plastiki iliyoyeyuka zinazozunguka bomba sawasawa. Pete nene sana maana yake fundi aliacha bomba kwenye moto kupita kiasi, na plastiki ya ndani imeziba njia. Mashine ya kuyeyushia viungo iwe nyuzi 260. Bomba la 20 linataka sekunde 5 tu za moto na dakika 2 za kutulia kabla ya kuguswa.

Kuvisha sponji

Sponji nyeusi ya mabomba ya AC inafaa, na inapatikana kwa urahisi zaidi kwenye maduka ya vipuri vya friji na AC kuliko kwa wauza mabomba. Taja tundu na unene. Tundu la 22 linaingia PPR ya 20 na GI ya nusu inchi. La 28 linaingia PPR ya 25 na GI ya robo tatu. La 35 ni la PPR ya 32 na GI ya inchi moja. Unene wa 9 unatosha ndani ya nyumba, 13 penye kuguswa au penye moto mkali, 19 kwa bomba la hita ya sola juani. Vipande huja vya futi 6 au mita 2. Kwa mita 12 za bomba, nunua vipande 7, gundi ya mpira robo lita, na utepe wa alumini roli moja.

Bomba jipya lisilounganishwa bado unalivisha kama soksi, ukiacha viungo wazi hadi vijaribiwe. Lililokwisha kuungwa, chana sponji kwa urefu kwa kisu kikali, paka gundi pande zote mbili za mchano, subiri dakika chache hadi isinate kidoleni, kisha bonyeza. Ukiibana ikiwa bado mbichi itafunguka. Mchano uelekee chini au ukutani, kamwe usielekee juu, mvua itaingia. Kwenye kona kata ncha mbili kwa nyuzi 45 na uziunganishe. Usiivute sponji ili ifike. Baada ya miezi michache inajirudi na kuacha bomba wazi sentimita 2 kila kiungo, hasa penye kona.

Jua huila sponji hii. Ya nje bila kifuniko huanza kupasuka na kugeuka unga, kwa hiyo izungushie utepe wa alumini au uifunike kwa bomba la PVC kubwa lililochanwa. Na PPR yenyewe haipendi jua. Isiyovishwa ipakwe rangi walau. Kipande cha juani cha maji baridi, kutoka tangini hadi ukutani, nacho kinastahili sponji: mchana wa Februari maji yake ya kwanza yanatoka ya moto kwenye koki ya baridi, na aliyezoea kufungua baridi bila kuangalia anashtuka.

GI inataka uangalifu wa pekee. Ukiivisha ikiwa na unyevu au kutu, sponji inashikilia maji pale na chuma kinaliwa kimya kimya chini ya vazi zuri. Piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, ikauke siku nzima, ndipo uvishe na kuziba ncha zote kwa utepe.

Tusidanganyane kuhusu kazi ya sponji: haitunzi maji ya bombani yawe moto hadi asubuhi. Inasaidia anayeoga nusu saa baada ya mwenzake. Mita 15 za PPR ya 20 zinabeba kama lita 2 za maji, na hizo zitamwagika zikiwa baridi kila alfajiri, uvishe usivishe. Anayetaka kupunguza, asogeze hita karibu na bafu.

Hita ya sola ya mirija ya kioo ina sharti lake. Maji yake yanaweza kukaribia kuchemka siku yenye jua kali na nyumba haina watu, na PPR ni bomba la nyuzi 70 kwa matumizi ya kila siku. Mita 2 za kwanza kutoka kwenye hita ziwe za shaba au GI. Bomba la kupumulia na vali ya usalama usivivishe, usivifunge, usiviwekee koki. Mrija wa vali ya usalama ushuke hadi karibu na ardhi, mahali ambapo hapapiti mtu.

Chini ya sinki la mtu wa kiti cha magurudumu

Hapa ndipo sponji inapokuwa suala la afya. Mtu aliyeumia uti wa mgongo, aliyeishi na kisukari miaka mingi, au ambaye ukoma umegusa mishipa yake ya fahamu, anaweza asihisi kabisa moto kwenye goti. Anasogeza kiti chini ya sinki, ananawa, goti limeegemea bomba, na anagundua lengelenge jioni akivua nguo. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza vibaya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Viwango vya 2010 vya ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, vinataka mabomba ya chini ya sinki yavishwe au yapangwe yasiguse mtu, na vipimo vyake vinafaa kufuatwa popote.

Ukingo wa juu wa sinki usizidi sentimita 86 kutoka sakafuni. Nafasi ya magoti chini yake iwe na kimo cha sentimita 69 na upana wa 76. Ukitoa 69 kwenye 86 unabaki na 17, kwa hiyo beseni lenye kina kirefu halifai. Tafuta la kina kifupi. Hakuna mguu wa sinki, hakuna kabati. Sinki libebwe na mabano mawili ya chuma yaliyofungwa kwa bolti za kupanuka za milimita 10, kwa sababu mtu ataliegemea. Trapu irudishwe nyuma hadi karibu na ukuta. Trapu ya chupa inachukua nafasi ndogo kuliko ya kiwiko.

Visha kila kinachopata moto, na hapo ndipo wengi hukosea: wanavisha bomba la maji ya moto na kuiacha trapu, ilhali maji yale yale ya moto yanashukia humo. Mpira wa kuunganishia unaingia sponji ya tundu la 15, ivalishe kabla ya kufunga nati. Trapu ya inchi 1¼ inataka tundu la 35. Kikombe cha trapu ya chupa kizungushie sponji bapa ya unene wa 9 iliyofungwa kwa velkro, si kwa gundi, maana siku kimeziba lazima kifunguliwe kwa mkono. Ukifungia sponji kwa tai za plastiki, mikia yake ikatwe sawa na kichwa, na kichwa kielekee ukutani. Ikikatwa kwa mshazari inabaki na ncha kama wembe.

Ukimaliza, fungua maji ya moto dakika 5 kisha pitisha mgongo wa mkono kila mahali ambapo goti litafika. Penye moto usiovumilika kwa sekunde 10, ongeza. Halafu pitisha kipande cha kanga kuukuu pale pale. Kikinasa popote, ngozi nayo itachanika hapo.

Hita usiishushe hadi vuguvugu kama njia ya kuepuka haya yote, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa wa mapafu, huzaliana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45. Tunza maji kwa nyuzi 60, na karibu na sinki funga vali ya kuchanganya yenye kidhibiti joto, iwekwe nyuzi 41 hadi 43.

Na kama kuna mzee nyumbani, mpe kitu cha kushika kabla hajazoea bomba. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza mshikio wa GI ya inchi moja, ukae kimo cha sentimita 84 hadi 91, ukiwa na nafasi ya karibu sentimita 4 kutoka ukutani, kwa bolti za kupanuka na si fisha za plastiki. Usipite karibu na bomba la moto.

Koki na umeme

Koki ya kufungia nyumba nzima, na moja kwa kila bafu na jiko, zikae kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni. Chagua za mpini zinazofungwa kwa robo mzunguko. Mtu asiye na nguvu vidoleni anaisukuma kwa kiganja. Koki ya gurudumu isipoguswa miaka miwili, na maji yakiwa ya kisima chenye chumvi, inaganda, na siku ya dharura shina linakatika mkononi. Zungusha kila koki mara moja kila baada ya miezi mitatu. Acha sentimita 5 za nafasi ya mkono pembeni, weka yunioni (kiungo cha kufungua kwa nati) baada ya koki ili itolewe bila kukata bomba, na andika kwa rangi ya mafuta: TANGI, DAWASA au jina la mamlaka ya maji ya kwenu, MOTO. Sponji iishie kwenye shingo ya koki. Penye pampu, funga koki ya mpini polepole, maana kuifunga ghafla kunapiga mabomba kishindo na kulegeza klipu.

Waya wa umeme usifungwe kwenye bomba wala kupitishwa ndani ya sponji. Nyumba ya zamani yenye GI inaweza kuwa ilitegemea bomba hilo kama njia ya kupeleka umeme ardhini. Ukikata kipande chake na kuunga PPR, njia hiyo imekatika, na hakuna atakayejua mpaka shawa ya umeme ipate hitilafu na mtu akiwa amelowa. Kabla ya kukata GI yoyote, ita fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, apime waya wa ardhini na swichi ya kukata umeme unaovuja.